Stendi ya maiki ya mezani: tazama kitako kabla ya kutazama mkono

Mtu akitaka kuanza kurekodi sauti nyumbani, iwe podikasti, kitabu cha kusikiliza au matangazo ya biashara, pesa karibu yote huishia kwenye maiki. Stendi hununuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki, na mara nyingi hainunuliwi kabisa: kinatumika kile kistendi cha miguu mitatu kilichokuja bure ndani ya boksi. Matokeo yanasikika waziwazi. Sauti iko mbali, kila kitufe cha kibodi kinaingia kwenye rekodi, na katikati ya sentensi nzuri maiki inaanza kuinama polepole. Hakuna programu ya kuhariri itakayotibu yote hayo. Maiki ya bei ya kawaida juu ya stendi nzito, yenye kimo cha kutosha na raba laini chini, itakupa sauti safi kuliko maiki ghali iliyosimamishwa ovyo.

Stendi ina kazi mbili tu: kuifikisha maiki mdomoni, na kuishika isitikisike. Tuanze na kimo, maana ndicho watu wengi wanachokosea.

Chukua futikamba. Kaa kama utakavyokaa ukirekodi, mgongo umenyooka, kisha pima kutoka usawa wa meza hadi mdomoni. Kwa watu wazima wengi, kwenye kiti na meza vya kawaida, utapata kitu kati ya sentimita 35 na 45. Sasa linganisha na stendi zilizopo madukani. Blue Yeti, maiki ya USB iliyoenea sana, ikiwa juu ya stendi yake yenyewe ina kimo cha sentimita 29.5 kutoka chini hadi ncha. Stendi ile ni nzito, kilo moja hivi kwa maiki ya gramu 550, kwa hiyo haianguki kirahisi. Kasoro yake ni ufupi. Vistendi vya bure vya miguu mitatu ni vifupi zaidi.

Ufupi unaumiza kwa sababu ya umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maiki hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukitoka sentimita 10 ukaenda 40 umepoteza desibeli 12. Utazirudisha kwa kupandisha kiwango cha kurekodi, lakini feni, jokofu, bodaboda barabarani na jogoo wa jirani hawakusogea mbali na maiki. Nao watapanda desibeli 12 pamoja nawe. Kwa maiki nyingi za kusema, sentimita 10 hadi 15 ndiyo sehemu nzuri. Ukikaribia zaidi ya hapo, maiki zinazosikia upande mmoja huanza kuongeza besi, na pumzi za herufi p na b huanza kupiga.

Kuna hasara ya pili ambayo husemwa kwa nadra: meza yenyewe ni kioo cha sauti. Sauti inayotoka mdomoni inafika kwenye maiki moja kwa moja, halafu inafika tena baada ya kugonga ubao. Tuseme mdomo uko sentimita 40 juu ya meza, maiki iko sentimita 20 juu ya meza, na kwa ulalo ziko mbali sentimita 20. Njia ya moja kwa moja ni kama sentimita 28. Njia ya kupitia mezani ni kama 63. Tofauti ya sentimita 35 inatosha kuifanya sauti ya pili ipingane na ya kwanza karibu na hezi 490 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), katikati kabisa ya sauti ya binadamu, kisha tena kwenye mara tatu ya hapo, mara tano na kuendelea. Hiyo ndiyo ile sauti yenye uwazi ndani yake, ambayo watu hujaribu kuitibu kwa ikwalaiza na kushindwa. Katika mpangilio huo sauti ya mezani inafika ikiwa chini ya ile halisi kwa desibeli 7 tu. Ukiinua maiki hadi sentimita 35 na kuisogeza iwe sentimita 10 mbele ya mdomo, njia fupi inakuwa kama sentimita 11 na ndefu kama 76, na sauti ya mezani inashuka hadi desibeli 16 au 17 chini. Tatizo limekwisha kwa kuinua tu. Kutandika khanga mezani hakutakusaidia sana hapo, kwani kitambaa chembamba hunyonya sauti kali za juu, si zile za hezi mia tano. Blanketi lililokunjwa mara nne linasaidia kidogo. Kimo kinasaidia zaidi.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: stendi ya mezani iwe na nguzo inayofika angalau sentimita 30, au iwe na mkono mfupi wa kuifikisha maiki huko juu. Na hapo ndipo uzito unapoanza kudai haki yake, kwa sababu kadiri unavyoinua maiki ndivyo inavyokuwa rahisi kuiangusha.

Tazama hesabu, si ngumu. Kitako cha duara chenye upana wa sentimita 15 kina sentimita 7.5 kutoka katikati hadi ukingoni. Kama stendi ina kilo 1.5 na umeweka maiki ya Shure SM7B ya gramu 765 wima juu ya nguzo ya sentimita 30, msukumo wa pembeni pale juu wenye nguvu ya gramu 570 hivi unatosha kuipindua. Huo ni mkono unaopapasa daftari, au mtoto anayepita akavuta waya. Sasa inamisha mkono wa stendi ili maiki iende mbele sentimita 20 kutoka kwenye nguzo. Bila kuguswa na mtu, bado inasimama. Ongeza kishikio na waya, gramu 200 nyingine, na kitako kinanyanyuka chenyewe. Ndiyo maana stendi inayosimama imara dukani ikiwa tupu inaanguka nyumbani.

Vistendi vya miguu mitatu vina udhaifu wao wa maumbile. Mguu ukiwa na sentimita 12 kutoka katikati, utadhani una sentimita 12 za usalama kila upande. Huna. Kitu hakiangukii kwenye ncha ya mguu, kinaangukia kwenye mstari unaounganisha ncha mbili, na mstari huo uko nusu ya urefu wa mguu: sentimita 6. Kistendi cha gramu 250 chenye maiki ya gramu 350 kwa kimo cha sentimita 20 kinapinduka kwa nguvu isiyofika gramu 200. Waya mgumu wa USB peke yake unaweza kuifanya kazi hiyo. Kama huna kingine kwa sasa, geuza mguu mmoja uelekee kule maiki inakoinamia, usiache pengo la miguu miwili upande huo. Ni hatua ndogo lakini inaongeza usalama mara mbili.

Kitako cha duara cha chuma cha kusubu, chenye upana wa sentimita 15 hadi 20 na uzito wa kilo 2 hadi 3, ndicho ninachokipendekeza kwa mtu anayerekodi mezani kila wiki. Kila upande una nguvu sawa, hakina miguu ya kukwaruzana na kibodi, na uzito wote uko chini kabisa.

Uzito huo una faida nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayotamani kila mnunuzi aielewe.

Watu huangalia chini ya stendi, wakiona raba nne wanaridhika kwamba mtetemo umezuiwa. Raba haizuii mtetemo kwa kuwapo tu. Inazuia kwa kubonyea. Kitu kilichokaa juu ya raba kina mdundo wake wa asili, yaani kasi kinayotetemeka nayo chenyewe kikiguswa, na mdundo huo unategemea raba imebonyea kiasi gani kwa uzito ilioubeba. Ikibonyea milimita 1, mdundo ni kama hezi 16. Ikibonyea sehemu ya kumi ya milimita, mdundo ni hezi 50. Na kinga haianzi kwenye mdundo wenyewe. Inaanza juu yake, kama mara 1.4 na kuendelea. Chini ya hapo raba haikingi kitu, na pale kwenye mdundo wenyewe inazidisha. Kwa hiyo ukitaka kupunguza mtetemo wa hezi 50, ule wa injini ya jokofu inayotumia umeme wetu, raba lazima ibonyee zaidi ya milimita 0.2. Stendi ya gramu 300 juu ya raba ngumu haiibonyezi kabisa. Stendi ya kilo 3 juu ya raba laini inaibonyeza. Jaribio lake ni la kidole: bonyeza kitako taratibu kwa kidole kimoja na uangalie ukingo. Kama hakuna kinachosogea, zile raba ni za kuzuia mikwaruzo tu.

Usiende kupita kiasi upande wa pili. Kipande kinene cha sponji ya godoro chini ya kitako kinafanya stendi nzima iyumbe, na kitako kinachoyumba kinapoteza ule usalama tuliouhesabu juu. Vipande vinne vya raba laini vya unene wa sentimita moja, kimoja kila upande, vinatosha.

Kichujio cha kukata sauti za chini, kile kinachowekwa kwenye hezi 80, kinasaidia kwa hatua za miguu na mngurumo wa magari. Kwa kibodi na kikombe kinachotuliwa mezani hakisaidii sana, kwa sababu mlio wa ubao uliogongwa huenda hadi hezi mia mbili, mia tatu, na huko ndiko sauti yako inakokaa. Ukiukata huo umejikata mwenyewe. Ndiyo maana mtetemo unazuiwa kwa chuma na raba kabla haujafika kwenye maiki.

Kishikio cha mpira, kile chenye maiki iliyoning'inizwa kwa nyuzi za elastiki, kinafuata kanuni hiyohiyo. Kinafanya kazi kama nyuzi zimelegea kiasi cha kuiacha maiki ielee, zisilegee hadi igonge pete. Kosa linaloonekana kila mahali ni waya: unatoka kwenye maiki umekazwa, unafungwa kwenye nguzo, na mtetemo wote wa nguzo unapanda kupitia waya kana kwamba nyuzi hazipo. Acha kitanzi kilicholegea, sentimita 15 hivi, kati ya maiki na mahali pa kwanza unapoufunga. Kisha ufunge kwenye nguzo karibu kabisa na kitako, ili hata ukivutwa uvute chini badala ya juu.

Sasa hesi, yaani mizunguko ya skrubu inayounganisha maiki na stendi, ambazo zimewasumbua watu wengi kuliko inavyostahili. Maiki na vishikio vya mtindo wa Kimarekani vina tundu la inchi 5/8 lenye mizunguko 27 kwa inchi. Mtindo wa Ulaya ni inchi 3/8 wenye mizunguko 16. Vifaa vidogo na vya kamera ni inchi 1/4 wenye mizunguko 20. Stendi nyingi za siku hizi huja na kipande cha shaba kinachobadilisha 3/8 kuwa 5/8, na vishikio vingi vina kingine ndani yake. Kipande hicho kina mfereji wa sarafu. Kikaze kwa sarafu hiyo, la sivyo siku utakayoiondoa maiki kitatoka nayo na kupotea. Chagua cha shaba, kwani cha alumini hesi zake huliwa baada ya kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa, hasa kama mtu alianza kukaza ikiwa imekaa upande. Zungusha kwanza kinyume hadi usikie inatulia, ndipo ukaze.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi hutapata bolti ya 5/8 yenye mizunguko 27. Bolti zao za 5/8 zina mizunguko 11 na hazitaingia kamwe. Lakini bolti ya kawaida ya inchi 3/8 ina mizunguko 16, ileile ya stendi ya Ulaya, nayo ya 1/4 ina 20. Angalia usipewe ya milimita 10, kwa sababu inakaribiana kwa macho na ni nene kuliko 3/8 kwa karibu nusu milimita. Ukiilazimisha unaharibu kishikio.

Kuhusu mikono ya kubana pembeni ya meza: ni mizuri kwa kimo na inaacha meza wazi, ila inahitaji meza inayostahili. Mikono ya springi huwa na kipimo cha chini pia, si cha juu tu. Mkono wa Rode PSA1 wa kwanza ulitengenezwa kwa maiki za gramu 700 hadi kilo 1.1, ukiutundikia maiki ya Shure SM58 ya gramu 298 mkono unapanda wenyewe. PSA1+ iliyofuata inaanzia gramu 94 hadi kilo 1.2. Maiki ya Rode PodMic ina gramu 937, kwa hiyo mikono mingi ya bei nafuu inazidiwa nayo. Soma namba zote mbili kabla ya kulipa. Na kama meza yako ni ya chipubodi, usibane chuma moja kwa moja juu yake. Inabonyea na baadaye inapasuka ukingoni. Weka kipande cha mbao ngumu au bamba la upana wa sentimita 10 juu na chini ya meza. Springi za wazi nazo hulia zikiguswa. Kipande cha sponji kilichopenyezwa katikati ya springi kinazinyamazisha.

Shingo za kupinda ziachie maiki ndogo sana. Zikibebeshwa gramu 400 huinama, na zikirekebishwa wakati wa kurekodi hutoa mkwaruzo unaoingia moja kwa moja.

Ukienda dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, beba chupa ya maji ya mililita 750. Ikijaa ina uzito unaolingana na SM7B. Ining'inize kwenye ncha ya mkono wa stendi, umefungua kwa urefu utakaoutumia, na uiache hapo wakati unaongea bei. Kama mkono umeshuka, kikaza ni dhaifu. Gonga kaunta kwa kifundo cha kidole na uangalie ncha ya nguzo: ikitulia mara moja ni nzuri, ikiendelea kuchezacheza, viungo vina nafasi ndani. Pindua kitako uone chini. Vingine ni plastiki yenye bamba jembamba ndani. Uzito wa kitako unajulikana kwa kukiinua kwa mkono mmoja, na kama kuna mizani karibu, kipime. Kikaza cha kuzungusha chenye ukosi wa nailoni ndani hushika nguzo pande zote. Kile cha skrubu ya pembeni hubonyeza sehemu moja, hukwaruza bomba, na baada ya muda hushika kwenye mkwaruzo uleule tu.

Na kama stendi nzuri haipatikani ulipo, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea iliyo imara kuliko nyingi za dukani. Mpe vipimo hivi: bamba la chuma la sentimita 20 kwa 20, unene wa milimita 10, ambalo lina kilo 3.1. Bomba jeusi la nusu inchi, urefu wa sentimita 32. Usikubali bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wa zinki ukichomelewa ni sumu kwa fundi, na kama hakuna jingine asage ile zinki yote kwanza sehemu za kuchomelea. Bomba lisikae katikati ya bamba. Likae sentimita 4 kutoka ukingo wa nyuma, ili ubaki na sentimita 16 za bamba mbele, chini ya maiki, pale unapohitaji usalama. Kabla ya kufunga juu, jaza bomba mchanga mkavu, kwani bomba tupu lina mlio na mchanga unaufisha. Uwe mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa kabisa. Wa ufukweni una chumvi na utalila bomba kutoka ndani.

Juu achomelee bolti ya inchi 3/8, hesi zikitokeza milimita 15, akiwa amevisha nati juu yake wakati wa kuchomelea ili cheche zisiharibu hesi. Moto huwa unalipinda bamba kidogo, kwa hiyo mwambie aliweke juu ya sakafu iliyonyooka na ulijaribu kwa kulibonyeza pembe kwa pembe. Likicheza kidogo, raba laini zitameza tofauti hiyo. Likicheza zaidi ya milimita mbili arudie kulinyoosha. Pembe zisagwe ziwe butu. Rangi iachwe ikauke siku mbili au tatu kabla ya kubandika raba, la sivyo raba zitabanduka pamoja na rangi ambayo haijakauka.

Kwa walio pwani, Mombasa, Tanga, Unguja, futa nguzo kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, na mara moja kwa mwezi ipake nta nyembamba. Usipake mafuta mahali kikaza kinaposhika. Ukosi wa nailoni ukilowa mafuta utateleza, na utakuwa unakaza kila siku kitu kisichoshika tena. Ukikuta umeshalowa, uvue, uoshe kwa maji ya sabuni, uukaushe kivulini, na urudishe ukiwa mkavu kabisa.